Mkole wa Kando ya Njia ya Mnadani

Nilijiunga na kikundi cha kurudisha miti ya asili kwa sababu nilidhani porini hakuna watu. Mimi nikitumwa dukani huzunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mbele ya waliokaa barazani. Kwa hiyo mama anayeongoza kikundi alipouliza nani atatunza kipande cha mwisho cha njia, kule juu kwenye mawe, nilinyoosha mkono haraka kuliko nilivyowahi kuunyoosha darasani.

Njia yenyewe ni ya miguu. Inatoka kijijini kwetu, inapanda katikati ya mawe makubwa, kisha inateremka hadi bwawani, ambako wageni huja kutazama ndege. Miti ya pande zote ilikwisha kwa mkaa, vikabaki visiki. Kisiki kikichipua, unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, unakata mengine, halafu unafunga kitambaa ili wapita njia wajue kwamba mti huo unatunzwa.

Nilichosahau ni kwamba watu wa mnadani hukatiza pale pale juu. Siku ya mnada kila mwenye mbuzi, kuku au maneno alipita mbele yangu. Nainama na panga, nainuka: shikamoo. Nainama, nainuka: shikamoo. Hadi jioni nilikuwa nimehudumia visiki vichache na kusalimia nusu ya wilaya.

Kisha vitambaa vikaisha. Kuomba vingine kulitaka niseme mbele ya kikundi kizima, basi nikachana shati langu la shule ya msingi. Wamama wawili wenye kuku walisimama kulitazama.

"Hili si shati la shule?"

"Ndilo. Mtoto kamaliza la saba, kaona elimu aviachie visiki."

"Mwache, labda vyenyewe vitafaulu."

Walicheka mpaka kuku nao wakapiga kelele. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini.

Kisiki nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mkole. Kilikuwa na chipukizi moja limenyooka kabisa, nami nilikuwa nimelifungia ukosi wa shati. Lakini mkole ndio mti wa fimbo huku kwetu, na chipukizi linalofaa kuwa mti ndilo hilo hilo linalofaa kuwa fimbo. Siku moja nikageuka, nikamkuta mzee mmoja kutoka kijiji cha pili ameshalishika, panga liko juu. Fimbo yake ya zamani ilikuwa imevunjika.

Nilitaka kusema, "Babu, usikate." Kilichotoka ni, "Shikamoo, babu."

"Marahaba." Panga likashuka kidogo, kwa sababu kwetu mtu hakati kitu huku anasalimiwa. "Hujambo, mjukuu wangu? Nyumbani wazima?"

Nikaona upenyo. Mimi, ambaye salamu zangu huishia kwenye shikamoo, nikahamia Kinyaturu, lugha ya kwetu, na kuanza kuulizia familia yake yote. Nikauliza bibi, wajukuu, ng'ombe, mtama, mvua, na mguu wa ng'ombe niliyemsikia akitajwa na mtu mwingine. Kila panga lilipoinuka, nilipata ndugu mpya wa kumuulizia. Ndugu walipokwisha, akaniuliza yeye:

"Na mbuzi wenu?"

Sisi hatuna mbuzi. Lakini kusema hatuna kungemaliza mazungumzo.

"Wazima, babu. Ila mmoja anakohoa."

"Anakohoa vipi?"

Nikamwonyesha. Nilisimama juu ya jiwe, kijana mzima, nikikohoa kama mbuzi. Mzee alisikiliza kwa makini sana, akaniambia nikohoe tena, kisha akaweka panga kwapani.

"Kijana, wewe unataka nini hasa?"

Nikanyoosha kidole kwenye ukosi. "Hilo natunza, babu. Lisikatwe."

"Sasa si ungesema tangu uliponisalimia? Jua lote hili limenipiga nikisikiliza habari za shangazi yangu!"

Nikakimbilia rundo la machipukizi niliyokata, nikamletea yote nimeyakumbatia kifuani. Akachagua moja lililopinda katikati, akaligeuza huku na huku. "Limepinda kama maneno yako," akasema, akaondoka nalo.

Mkole huo sasa umenipita urefu. Mvua zilizopita ulitoa matunda, na ndege wa bwawani wakayagundua kabla yangu. Mzee bado hupita kila siku ya mnada na fimbo yake iliyopinda. Husimama kwenye mti, hugusa ukosi, kisha huniuliza kuhusu yule mbuzi. Nimeshindwa kumwambia ukweli. Wiki iliyopita nilimwambia kikohozi kimepona, nikidhani nimemaliza.

"Vizuri," akasema. "Akizaa, nitakuja nyumbani kumwona."

Naambiwa mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Nimeanza kuulizia bei ya mbuzi, kwa watu wale wale wa barazani niliokuwa nikiwakwepa.