Kitambaa Juu ya Seva

Kwetu Runyenjes tuna tabia moja siipendi hadi leo: aliye mbali haambiwi msiba mpaka arudi. Mdogo wangu, aliyekuwa akisoma ng'ambo, aliijua vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama alipasuliwa rovu shingoni, sauti ikapotea. Daktari alisema itarudi. Basi mdogo wangu akipiga simu, tunamwambia mama yuko kanisani, mama amelala, ili asiwe na wasiwasi. Jumapili moja akanikatiza.

"Brathe, niambie ukweli. Mlishamzika?"

Nikaapa yu hai. Hakuniamini. Ningekuwa yeye, nami nisingeniamini.

Nilimtumia picha ya mama kwa barua pepe, ikarudi. Sanduku lake la barua pepe la chuo lilikuwa dogo mno. Kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na ubishi ndio tabia yangu, niliamua kuigeuza mashine ya sebuleni kuwa seva, kompyuta inayofikiwa kutoka mbali, aingie mwenyewe amwone mama. Niliweka programu, nikaielekeza kwenye folda yenye ukurasa niliomtengenezea mama, nikaujaribu. Ukakataa kufunguka. Kumbe sikuwa nimeipa seva ruhusa ya kusoma mafaili yangu! Nikaitukana kwa Kiembu, mama akacheka bila sauti. Nilipotoa ruhusa, akatokea kwenye skrini: amevua leso, kovu liko wazi, kitambaa cha kroshia alichofikisha nusu kiko mkononi. Chini niliandika kwa nini hasemi.

Kesho yake nikaunganisha modemu kwenye laini yetu moja ya simu, nikamtumia mdogo wangu kwa barua pepe namba ya kuifikia seva kwenye intaneti. Kabla hajafika, mashine ikazimika. Nikaiwasha, ikazimika tena. Nilipoinama chini ya meza nikaona kasha lake limefunikwa kitambaa hadi nyuma, feni haipumui, chuma kina moto. Kwa mama, redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake. Kitu cha thamani hakikai uchi. Nilishafungua mdomo nigombe, nikakitambua. Kilikuwa kile cha kwenye picha, amekimaliza asubuhi hiyo. Hasira ikaniisha. Nilimpenda mama yangu sana wakati ule.

Nikakikunja, nikamwekea mapajani. Mashine ilipopoa nikaunganisha upya, nikatuma namba mpya, maana hubadilika kila ukiunganisha, tukangoja.

Seva huandika kwenye skrini kila inachoombwa. Mstari ukatokea: mtu anataka ukurasa. Kisha mwingine: anataka picha.

"Amefika," nikasema.

Mama akaketi wima, akajipangusa uso kwa kiganja. Mdogo wangu akaiomba picha tena. Akaiomba tena. Halafu mistari ikakoma.

Nikachomoa modemu ili laini iwe wazi, na punde simu ikalia. Nikampa mama. Kutoka nilipokaa nilimsikia mdogo wangu akilia na kuita, "Mami? Mami, ni wewe?" Naye mama, simu sikioni, akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama vile bado anaonekana.