Kuruka Kwenda Isiolo Nikiwa Isiolo

Sijawahi kupanda ndege. Naanza na hilo ili msomaji asije akaniita mwongo nitakapoeleza jinsi nilivyopaa kutoka Nairobi na kuingia mawinguni. Mimi ni mwalimu wa jiografia mjini Merti, na urubani wangu wote ni wa kompyuta: laptopu, jostiki iliyochakaa, na programu inayoigiza ndege pamoja na nchi yote iliyo chini yake. Aliyenitia katika mambo haya ni binti yetu Talaso. Ni muuguzi huko Doha, na huu ni mwaka wa pili hajafika nyumbani. Akipata mapumziko huruka mtandaoni na kundi la Wakenya waliotawanyika duniani, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wote katika anga moja. Wako miongoni mwao wanaojitolea kuongoza ndege kwa redio, na sheria wanazifuata kana kwamba abiria wa kweli wamefunga mikanda huko nyuma.

Mimi nilikuwa mtazamaji tu. Nilifungua ramani ya kundi kwenye simu nikakifuata kitone cha Talaso kikitambaa kutoka Mombasa hadi Kisumu, mke wangu Dansoye akichungulia begani kwangu. Kuruka naye sikuruhusiwa. Kundi lina sharti kwamba mtu haruki na wenzake mpaka ajaribiwe kuondoka Nairobi kwa vyombo, yaani kwa kusoma namba za mbele yake na ramani ya kuondokea, bila kutegemea anachokiona dirishani. Kisha Talaso akanieleza kwamba Jumamosi kundi litaruka kutoka Nairobi hadi Isiolo, na kwamba kuanzia hapo zamu zake za kazi zinahamia wikendi, hajui mpaka lini. Nikishindwa mtihani, nimeikosa safari hiyo, na huenda nyingine isipatikane. Mtandao wa Merti hukatika mtu akipiga chafya. Nikaamua kwenda kufanyia mtihani Isiolo, kwa dada yangu Qabale.

Alhamisi alfajiri niliondoka Merti kwa pikapu ya Boru, dereva ambaye nilimfundisha darasani na ambaye hakunisikiliza hata siku moja. Laptopu niliipakata kama mtoto mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha wiki iliyopita na barabara ilikuwa imekatwa na maji mahali pengi, lakini hilo halimsumbui Boru. Akiona njia imeharibika, anaiacha. Huko kwetu barabara si moja. Ni mikono kumi inayotengana na kukutana, kila dereva na mkono wake.

"Boru, hii ni barabara kweli?" nilimuuliza tulipokuwa tukipita katikati ya vichaka, matawi yakikwaruza mlango.

"Mwalimu, tukifika itakuwa ilikuwa barabara," akasema.

Nilicheka, maana mimi pia ningepita hapo hapo. Mtu aliyezaliwa upande huu hahitaji kuonyeshwa njia. Anatazama kilima, anatazama mstari wa miti ya mtoni, basi. Tulipita Biliqo jua likiwa limekwisha kuwa kali, tukavuka Ewaso Nyiro, na alasiri tukaingia Isiolo tukiwa na rangi moja sote, ya vumbi.

Bulla Pesa, mtaa wa humo mjini, ndiko anakokaa Qabale. Anauza maziwa ya ngamia, na ana ploti yenye vyumba vya kupangisha. Wapangaji ndio waliomlazimisha avute intaneti ya waya, na sasa analalamika kwamba hawatoki nje kuzungumza. Alinipokea kwa salamu zetu ndefu: watu, mifugo, mvua, majirani, kisha watu tena. Halafu akaitazama mizigo yangu.

"Umetoka Merti na kompyuta, kuja kucheza?"

"Kufanya mtihani, dada. Nikipita, nitaruka na Talaso."

Alinionyesha meza iliyo sebuleni na akaiondoa redio yake ili nipate nafasi.

Ijumaa baada ya swala ya Jumaa nilivaa hedifoni na kujitambulisha. Mtahini wangu alikuwa Kanana, mwanamke wa Meru, mfanyakazi wa serikali ambaye akipata nafasi huongoza ndege zisizokuwepo. Redioni kundi hutumia Kiingereza cha marubani, nami nakieleza hapa kwa lugha yetu. Kanana alisema mawingu yako chini na ya kutosha. Nitaruka kuelekea kaskazini mashariki, nitakwenda moja kwa moja bila kugeuka hadi futi elfu saba kutoka usawa wa bahari, nitageuka kulia kwenda kwenye kituo kilichochorwa kwenye ramani upande wa mashariki, na sitazidi futi elfu tisa mpaka atakaponiruhusu. Baada ya hapo ndipo atakaponigeuza kushoto kuja Isiolo.

Desturi ni kuyarudia maelekezo yote ili mwongozaji ajue umesikia. Niliyarudia neno kwa neno, sauti ya darasani kabisa, nikasifiwa.

Hapo Qabale akaingia na chai. "Sasa unaenda wapi?"

"Isiolo."

Alitazama ukuta, akanitazama mimi. "Lakini uko Isiolo."

"Ndege iko Nairobi, dada."

"Na utaenda bila dua?" Akaweka chai chini, akakunjua viganja, nami ikabidi nikunjue vyangu. Kanana aliuliza redioni kama niko tayari. Nilimwomba asubiri kidogo, dua ikaisha, tukaitikia amina, nikaruhusiwa kuruka.

Ndege ilipaa vizuri mno. Mji ukazama, wingu likanimeza, na mbele ya kioo kukabaki weupe mtupu. Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilijua Isiolo iko kaskazini. Nimeichora ramani hiyo ubaoni mara zisizohesabika. Mlima Kenya ungekuwa kushoto kwangu, na mkono wangu ukauliza, kuna haja gani ya kwenda kulia ndipo turudi kushoto? Kabla sijafika futi elfu saba nilikuwa nimeshainamisha bawa la kushoto, nikielekea nyumbani kwa njia yangu.

"Acha kupanda! Geuka kulia sasa hivi!" Sauti ya Kanana haikupanda, lakini ilikuwa imekaza. Katika weupe ule kitu cheusi kilipita juu yangu kwa kasi, ndege ya mwanachama mwingine iliyokuwa ikishuka kutua. Ni ya kompyuta, najua. Moyo wangu haukujua hivyo.

Kanana aliufunga mtihani, akaniita pembeni kwenye laini ya mazungumzo ya kawaida.

"Mwalimu, umesoma maelekezo poa kabisa, halafu ukafanya yako."

"Nilijua pa kwenda," nikasema, nikisikia jinsi neno hilo lilivyo dogo.

"Hiyo ndio shida. Unajua hii nchi sana. Mimi nimezaliwa kwa huo mlima na siufuatangi nikiwa ndani ya mawingu. Huko hakuna mlima. Kuna namba, na kuna wenzako. Wanaoshuka wanapita kushoto, ndio maana tunatoa watu kulia." Nikasikia akifungua ratiba. "Kesho asubuhi niko na nafasi moja. Ukipita, saa nane uko na sisi. Usipopita, pole."

Nilivua hedifoni nikiwa na hasira na mtu nisiyeweza kumtaja, kwa sababu alikuwa ni mimi. Chai ilikuwa imepoa. Qabale aliiondoa, akaleta nyingine.

Magharibi ilipokwisha Talaso alipiga simu.

"Abba, nasikia umekata njia."

"Nimekata."

Alicheka, kicheko cha mama yake. Nikasikia magari ya Doha yakipita nyuma yake. "Abba, kesho usinikose. Tafadhali. Usitafute nyumbani, itakuja tu yenyewe. Fanya kitu moja, ikiisha fanya ingine."

Nilimwambia sawa. Kusema kweli niliogopa, na woga wenyewe ulinishangaza. Nimevuka mito iliyofurika sikuogopa hivyo.

Jumamosi asubuhi Qabale alichelewa kwa makusudi kwenda sokoni. Aliketi nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, dua imeshaombwa, chai imeshanywewa. Kanana alinipa maelekezo yale yale, nami nikayarudia polepole, safari hii kwa ajili ya masikio yangu mwenyewe. Niliiweka ramani ya kuondokea mbele yangu na kidole juu ya mstari wa kwanza.

Niliruka. Moja kwa moja, nikajisemea kwa sauti. Elfu sita. Elfu sita na nusu. Wingu likanifunika na nikaacha kutazama dirishani. Elfu saba: kulia. Ndege ikalala upande wa kulia, namba za mwelekeo zikazunguka taratibu, nikainyoosha. Elfu tisa: nikaacha kupanda. Kituo kilikuwa mbele bado.

Hapo ndipo mawingu yalipofunguka. Kushoto kwangu, mbali lakini wazi kabisa, mlima ulijitokeza na theluji yake. Qabale aliinuka.

"Guyo! Si mlima ndio ule? Mbona unauacha?"

"Ndiyo njia, dada."

"Njia gani ya kuacha mlima nyuma na unaenda kwenu?"

Mkono wangu uliutaka mlima ule kama mtu mwenye kiu, na niliushikilia mkono huo kwa mkono mwingine. Redio ilikuwa kimya. Nilidhani Kanana amenisahau, au ananijaribu, na ninaamini alikuwa ananijaribu. Nilifika kwenye kituo nikaendelea na mstari ulivyochorwa, mgongo kwa nyumbani. Ndege mbili zikaitika redioni, zote zikishuka upande ule ambao ningekuwako kama ningeufuata mkono wangu.

Kisha: "Geuka kushoto, elekea kaskazini, panda." Nikarudia, nikageuka. Mlima ulikuja wenyewe ukakaa mbele ya kioo.

"Mwalimu," Kanana alisema kwenye laini ya kawaida, "saa nane. Usichelewe."

Qabale alipiga makofi mara moja tu, akabeba vibuyu vyake akaenda sokoni.

Saa nane mchana tulikuwa ndege saba kwenye foleni Nairobi. Talaso alikuwa wa tatu na mimi nikiwa wa nne, kwa hiyo nilikuwa naitazama ndege yake tangu tulipoanza kusogea: nyeupe, yenye mstari wa kijani mkiani. Alipewa maelekezo, nikamsikia akiyarudia kwa sauti ambayo nyumbani hatuijui, ya mtu mzima aliye kazini. Akaruka, akazama mawinguni. Zamu yangu ikafika nikapewa maneno yale yale. Moja kwa moja. Kulia. Elfu tisa. Sikumwona, lakini nilijua yuko wapi, maana alikuwa mahali ambapo nami nitakuwa baada ya dakika chache.

Tulipotoka juu ya mawingu alikuwepo, mbele yangu, taa yake nyekundu ikiwakawaka. Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Kutoka hapo hadi Isiolo hatukuzungumza ila yale ya redioni. Alipogeuka, nami nikageuka.

Alitua Isiolo kabla yangu akaniachia nafasi ya kuegesha. Isiolo ya kompyuta ina uwanja wa ndege uliochorwa vizuri, lakini mji wenyewe ni mabati ya kubuni na Bulla Pesa hakuna. Nilisimamisha ndege yangu kando ya yake. Simu ikalia.

"Abba, nimefika Isiolo."

Qabale, ambaye alikuwa amesharudi, aliichukua simu mkononi mwangu. "Karibu, mama. Umefika salama?"

"Salama, shangazi."

"Njiani hakukuwa na shida?"

"Hakuna."

Alinirudishia simu akatoka uani. Nilimwona mlangoni akitazama juu, upande wa uwanja wa ndege, akikinga macho kwa kiganja. Baadaye kidogo nilitoka nami nikasimama karibu naye, tukatazama mbingu iliyokuwa tupu.

Jumapili nilirudi Merti na Boru, kwa mikono mingine ya barabara. Njia nzima nilikuwa nikiwaza. Nilikuwa nikidhani kuondoka ni jambo rahisi na kazi yote iko kwenye kufika. Sasa naona anayeondoka hayuko peke yake hata asipomwona mtu. Yuko aliyemtangulia, yuko anayemfuata, na yuko anayeshuka wakati yeye anapanda. Mstari ule uliopinda kwenda kulia umechorwa kwa ajili yao. Kwa mwalimu wa jiografia aliyezoea kuonyesha kwa fimbo mahali mambo yalipo, hilo lilinichukua muda kulimeza.

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Dansoye alinipokea mzigo, akanipa maji ya kunawa, akaniacha ninywe kwanza. Kisha akaketi mbele yangu.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekonda?"

Niliifikiria taa ile nyekundu na mstari wa kijani mkiani. Dansoye alikuwa akingoja, mikono mapajani.

"Hapana," nikamwambia. "Yuko vile vile."