Majani Mawili ya Mgomba, Kutoka Umoja Hadi Juja

Tulioondoka tulikuwa watatu. Mimi; Rispa Kageha, jirani yangu hapa mtaani Umoja tangu watoto wetu wakinyonya; na Ezekiel, aliyemwoa Jane binti wa Rispa, ambaye huenda Juja na pikapu yake kuchukua mananasi. Huko alitungoja Faith, mjukuu wa marehemu dada yangu Tabitha, anayefanya kazi katika maabara ya mimea.

Sababu ya safari ni migomba. Yangu ilikuwa inanyauka, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukizipasua ndani ni kahawia. Ya Rispa, ng'ambo ya ukuta, ilikuwa kijani tupu. Na Jumamosi hiyo Rispa alikuwa ampelekee Aggrey, kitinda mimba wake, machipukizi ya kupanda kwenye boma lake jipya kule Vihiga. Nilimwambia angoje kwanza.

"Mama Wanjiru," akanijibu, "ugonjwa ni wako, migomba ni yangu."

Basi nikampigia Faith, akasema nimpelekee jani.

Asubuhi, Umoja. Nilikata jani lenye manjano. Rispa naye akatokea na lake, amelipangusa na kitambaa, amelikunja vizuri.

"Hilo lako litatuaibisha kwa watu," alisema. "Watafikiri Umoja nzima inaoza."

Barabara ya Thika. Kwao Rispa, mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwewe, kwa hivyo nilikaa katikati, na maneno yao yote yalipitia kwangu.

"Shosho," Ezekiel akasema, akiniita bibi kama wajukuu wangu, "muulize Mama kama dirisha linamsumbua."

"Mwambie halinisumbui."

Wote wawili nilikuwa nawasikia, na wao walikuwa wanasikiana.

Juja. Faith alitupokea getini. "Shosho! Na hili jani lingine?"

"Ni la kuonyesha tofauti," Rispa akasema.

Faith alicheka, akayachukua yote mawili. Alitueleza kwamba kila chenye uhai, hata kidudu cha ugonjwa, kina alama yake ndani, ndiyo wanayoiita DNA. Wanasaga jani, halafu mashine inaitafuta alama ya kile kidudu na kuizidisha mpaka ionekane. Tukala githeri, tukangoja.

Alasiri akatoka. "Yote mawili, Shosho."

"Langu ni kijani," Rispa akasema.

"Ugonjwa umeshaingia, Mama, haujajionyesha tu. Hayo machipukizi yangefika nao Vihiga."

"Na kwa majirani wa Aggrey?"

"Hata kwao."

Halafu Faith akauliza tunakata migomba na panga gani. Tukatazamana. Panga ni moja, hukaa mlangoni kwa Rispa, na kila anayetaka jani au mkungu huliazima, akimaliza analifuta kwa nyasi. Faith akasema panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina lingine. Dawa ya ugonjwa wenyewe hakuna. Tung'oe, ardhi ipumzike, ndipo tupande miche iliyopimwa.

Kurudi. Tulifika Roysambu. Hapo Rispa akampigia Aggrey.

"Mwanangu, Jumamosi nakuja mikono mitupu."

Aggrey akamuuliza nani amekufa.

"Hakuna. Shimo ulilochimba, panda maharagwe."

Kesho yake Rispa alianza kung'oa ya kwake, kisha akaja kunisaidia na yangu. Nilichojifunza ni kwamba mgomba unaweza kuwa mgonjwa na bado ukapendeza, na panga linaweza kuutembeza ugonjwa nyumba hadi nyumba bila mtu kujua.

Neno moja hatujapatana. Rispa anasema panga lilianzia kwangu, siku tuliyokata majani ya kufunikia chakula cha kumpokea mtoto wa Jane. Mimi nakumbuka lilianzia kwa Grace Nduta, wa nyumba ya pembeni, kabla hajahamia Lucky Summer. Aliyekuwepo akiona nimekosea, anisahihishe. Na Grace mwenyewe akisoma haya, anisahihishe pia, lakini kwanza asiyaguse yale machipukizi aliyohama nayo.