Firigisi Isiyo na Changarawe

Aliyewaua kuku wale ni kaka yangu Masanja, si shangazi yetu Holo. Naliweka hilo mwanzo, mwanangu, kwa sababu hapa Nkololo wapo ambao hadi leo hupunguza sauti shangazi anapotajwa.

Nazikumbuka siku zenyewe. Serikali ilikuwa imelegeza biashara, na saruji ikipatikana Bariadi bila kibali. Masanja alisakafia banda, akafungia humo vifaranga, akijisifu kwamba kuku wake hawatachakura uchafu kama wa washamba. Walipokua, akaacha kuwalisha pumba, akawapa mtama mzima. Mchanga hawakuuona kamwe. Wakakonda huku wakila, shingo zimevimba kwa chakula kisichoshuka, wakaanza kufa.

Shangazi, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, alikuwa amepita akauliza kwa nini ndege wamefungiwa. Swali hilo likageuzwa ushahidi kwamba amewaroga. Unajua, mwanangu, macho mekundu yamewagharimu nini vikongwe wa kwetu.

Mfumu, mganga wetu wa ramli, akaitwa ampasue kuku mmoja wa Masanja, asome ndani yake nani mchawi. Vijana wenye fimbo walikwisha kuziba njia ya kutokea. Mganga hajatamka neno, shangazi akaweka jogoo wake juu ya ungo.

“Mpasueni na wangu. Kisha mtazame firigisi, msinitazame mimi.”

Masanja akacheka. “Leo mchawi anafundisha ufugaji.”

Baba alikipokea kisu cha mfumu, akazipasua firigisi zote mbili mbele ya watu. Ya jogoo ilikuwa na vijiwe, na mtama umesagika. Ya kuku wa Masanja ilijaa mtama mzima kama ulivyotoka ghalani. Mfumu akainamisha kichwa. Fimbo zikashuka.

“Kuku hana meno, Masanja,” baba alisema. “Umemnyima jiwe la kusagia, kisha unataka damu ya dada yangu.”

Masanja akaondoka bila kuomba radhi. Shangazi alizikwa hajaombwa.

Basi, mwanangu, kifaranga akianza kula zaidi ya chakula laini, mpe mchanga safi wa mtoni. Akifikia nafaka nzima, mpe changarawe ndogo katika chombo chake, achukue atakavyo. Na mfugo ukifa, chunguza kwanza mkono wako uliolisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Mungu akupe banda lenye kelele na ulimi usiokimbilia kushtaki.

Nawe Masanja, ungali hai. Nakutaka ufike mbele ya ukoo, kaburini kwa shangazi, utamke kwa kinywa chako ni nani aliyewaua kuku wale.