Senje hushika mouse kama cherehani, ikabidi nibadilishe cursor ya editor yangu

Niaje wakuu. Kwanza mnisamehe kwa spelling. Nilifika darasa la nane tu, na kuandika hunichukua muda. Bahati yenu hamuoni mwandiko wangu wa mkono.

Hapa mimi husoma tu za wenzangu na kunyamaza. Lakini hili nimelipitia mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Naishi Mutuini na senje, dada ya baba. Ni fundi wa nguo. Pia ni katibu wa chama cha akina mama wa kanisa letu, na hiyo kazi anaipenda kuliko cherehani.

Mimi hufagia na kupika chai kwenye ofisi moja Kilimani. Kuna programmer huko anaitwa Mutua. Aliniona nikichungulia screen yake, akaanza kunifunza code saa ya lunch. Baada ya muda nikatengeneza editor ndogo. Unafungua, unaandika, una-save, basi.

Chama kikaamua minutes za mikutano ziandikwe kwa laptop. Nikamwekea senje editor yangu, nikijivunia kimoyomoyo.

Sasa, chama chao kina desturi. Minutes husomwa pale pale kabla ya maombi ya kufunga. Mwenye kuona kosa anasema, na katibu anarekebisha wote wakingoja. Kwa karatasi senje alikuwa anakata neno na kuandika juu yake. Kwa laptop lazima uweke cursor, kile kijistari cha kuandikia, mahali penyewe, watu wakikuangalia.

Mkutano wa kwanza nilimsindikiza, na ulikuwa aibu. Mama mmoja alisema jina la bwanake limeachwa nje ya orodha ya wagonjwa. Senje aka-click, akaandika, mstari mzima ukapotea. Akajaribu tena, aya ikaenda.

Mtu akasema labda katibu ahamie upande wa chai. Wakacheka. Chairlady, bila ubaya, akasema wampe mkutano mmoja zaidi. Ikiwa bado ni shida, watatafuta msichana anayejua kompyuta.

Tukirudi nyumbani senje alinipa laptop niibebe mimi. Na editor ilikuwa yangu.

Nikamweleza Mutua. Akasema editor nyingi ziko hivyo: ukibonyeza na mouse isonge kidogo, maneno yana-select, yaani yanachaguliwa yote pamoja, na ukiandika yanafutwa. "Mfunze ku-click haraka, bro," akaniambia.

Nilijaribu. Haikushika. Kidole chake kilikataa kuachilia.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa tu nikimtazama akishona kola. Aliweka kitambaa, akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikashuka polepole. Akasogeza kitambaa mpaka ncha ikagusa alama ya chaki. Ndipo akakanyaga.

Hapo nikaelewa. Mouse pia anaishika hivyo. Anabonyeza, anashikilia, anatafuta mahali, halafu anaachilia. Kwake kubonyeza ni kuanza kutafuta. Kwa editor yangu, hapo ndipo kutafuta kumeisha.

Nikageuza code. Ukibonyeza na kushikilia, cursor inakuwa nene, nyekundu, na inafuata mouse kutoka herufi hadi herufi. Ukiachilia, inakaa hapo. Hakuna kitu kina-select. Ukitaka ku-select, unabonyeza mara mbili kwanza.

Uki-click juu ya herufi, cursor inaenda upande ulio karibu. Uki-click kule chini kweupe, inaenda mwisho wa maandishi, kwa sababu nadhani anayebonyeza huko anataka kuendelea kuandika.

Nikampa senje ajaribu. Akainama, akaangalia, akauliza, "Sindano iko wapi? Umeifunika na kidole."

Sindano kwake ni cursor, na kidole ni ule mshale wa mouse. Ulikuwa unakaa juu ya cursor. Nikauficha wakati umebonyeza.

Mutua aliogopa kwamba watu wengine watachanganyikiwa, kwa hivyo tukaiweka kwa settings, anayeitaka aiwashe. Hiyo part alinisaidia, sijidai.

Siku ya mkutano nilikaa nyuma karibu na mlango. Minutes zikasomwa. Mama mmoja akasema mgonjwa atatembelewa Jumapili baada ya ibada, sio Jumamosi.

Senje akabonyeza. Akashikilia. Kile kitu chekundu kikatembea kwenye mstari, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Pole pole, katibu, hatuendi mahali," chairlady akasema.

Akaachilia. Akafuta neno moja, akaandika lingine. Mstari ukabaki mzima.

Halafu yule wa utani wa chai akainua mkono. "Na mimi, katibu, niongezee jirani yangu hapo kwa waliotuma apology, hakuweza kuja."

Tukirudi, senje alikuwa amebeba laptop kifuani kama mtoto. Akaniambia, "Mashine yako sasa inajua kungoja mtu." Baada ya hatua chache akaongeza kwamba lile gurudumu la mouse linakimbia sana, niliangalie.

Nimejifunza hivi: kabla umfunze mtu mkono mpya, tazama mkono wake umezoea kazi gani.

Wakuu mliowahi kutengeneza editor, hiyo ya kubonyeza mara mbili ndio u-select ni sawa ama kuna njia nzuri zaidi? Na kama mzazi wako anahangaika na mouse, niambie anaishikaje na alikuwa akifanya kazi gani. Niandikieni, hata kama ni kunikosoa. Nitajibu kila mtu, ila mnivumilie, naandika pole pole.