PDF ya shamba langu Wamaza: sahihi ni halali, jina ni la mwizi. Programu tatu zilinipa majibu matatu

Wakuu, hodi humu ndani.

Mie ni mama wa miaka hamsini na kitu, naandika toka Kasongo. Masomo yangu yaliishia mwaka wa ine wa primeri, kwa hiyo mkikuta herufi zimepinda mnisamehe. Mambo yenyewe hayajapinda. Niliyaona kwa macho yangu, na walioyafanya nitawataja, sababu wao hawakuona haya kufunika jina la kwangu.

Nianze na shamba.

Liko Wamaza, upande wa Kabambare, kando ya kijito. Marehemu bwana yangu alilifyeka pori lile kwa mkono wake. Vita ilipotufikia tulikimbia na miguu. Yeye hakufika Kasongo. Mie nilifika na watoto wawili na sufuria moja. Hapo sitaongeza neno, wengine humu mnaijua njia ile.

Kulipotulia nikarudi kulima. Mihogo, karanga, mpunga kidogo. Bwana yangu hana kaburi ninalolijua. Lile shamba njo kaburi yake (njo ni ndiyo ya kwetu).

Sasa wakaja watu wa shirika moja na tableti zao, kuandika mashamba. Wanapima, wanauliza majirani, sultani wa kijiji anakubali, halafu mkubwa wao anatia sahihi ya kielektroniki. Karatasi hakuna. Unatumiwa PDF kwenye telefone.

Wakaniuliza, "Mama, namba yako?"

Telefone sikuwa nayo wakati ule. Na kwetu mjane hasimami mbele ya wageni kusema mambo ya udongo. Shemeji njo anasimama. Basi akasimama Sumaili Kabonga, mdogo wa bwana yangu. Huyo ni wa kwanza kumtaja.

"Andikeni ya kwangu. Huyu ni bibi yangu."

Watu wakacheka. Kwetu shemeji anakutania hivyo, anakuita mke wake, si tusi. Hata mie nilicheka. Kicheko kile kinaniuma kuliko mambo mengine yote ya uzi huu.

PDF ikaingia kwa Sumaili. Mie nikaambiwa, "Iko salama, bibi yangu, usihangaike." Sikuhangaika.

Msimu uliofuata nikakuta watu wanang'oa mihogo yangu. Nikauliza nani kawatuma. Sumaili akanionyesha karatasi, PDF iliyochapwa, yenye muhuri wa kijiji. Namba ya shamba ni ile ile. Mipaka ni ile ile. Sahihi ya mkubwa wa shirika iko chini. Mwenye shamba: Sumaili Kabonga.

Shirika lilikuwa limeshamaliza kazi na kuondoka. Namba zao hazipiti tena.

Nikapeleka neno kwa sultani. Kwenye baraza Sumaili akaja na mtu wa pili wa kumtaja: Faustin Lukale, mwenye kiduka cha fotokopi pale pale Wamaza. Faustin akafungua ordinatere yake, kompyuta, akaingiza faili kwenye programu ya kukagua sahihi. Ikatoka tiki ya kijani. "Sahihi ni halali."

Akaigeuza ordinatere watu wote waone. Mzee mmoja akapiga makofi.

"Mashine haina ndugu," Faustin akasema. "Haijui mjane, haijui mwanamume."

Sekretere wa sultani akataka kopi ya faili kwa kitabu chake. Sumaili akampa kwa furaha, halafu akasema na sauti kubwa:

"Mupe na yeye. Asome, kama anajua kusoma."

Wakacheka tena. Safari hii mie sikucheka. Lakini nilishakuwa na telefone, ndogo, iliyopasuka kioo, na nikaipokea ile faili.

Wakuu, ule mdomo wake njo uliniokoa. Angekaa na karatasi tu, au angenitumia picha ya karatasi, leo nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Nikapanda moto, pikipiki, mpaka Kasongo. Mvua, matope, siku mbili. Kasongo kuna mwalimu mmoja mwanamke, Madamu Asha, anafundisha ordinatere. Nilimjua sokoni, ananunuaga karanga zangu. Nikamwambia nataka kuchapa faili nitafute muhuri mkubwa kuliko wa Sumaili, halafu niifute, telefone imejaa.

Akashika mkono wangu kabisa.

"Mama, usifute! Ukichapa, sahihi inabaki nyuma. Hii alama ya kalamu unayoiona ni picha tu. Sahihi yenyewe iko ndani ya faili."

Sisi wote Wamaza, toka sultani mpaka mie, tulikuwa tunaamini karatasi yenye muhuri kuliko faili. Kumbe tulikuwa tunagongea muhuri kivuli.

Akaanza kukagua.

Kwanza telefone yangu. Ilionyesha karatasi nzuri bila neno lolote. Ile inasoma tu, haikagui kitu.

Kisha akapeleka faili kwenye tovuti moja ya kukagua. Jibu: haiwezi kuthibitisha, mwenye sahihi hajulikani. Nikasema basi karatasi yote ni ya uongo, na shamba langu halikuandikwa kamwe.

"Hapana, Mama. Umeshapita barieri ya njiani? Askari akikuambia sikujui, amesema wewe ni mwizi?"

"Hapana. Anasema tu hanijui."

"Njo hivyo. Tovuti hii ina orodha yake ya watu inaowaamini. Mkubwa wa shirika hayumo. Basi."

Akaweka programu ile ile ya Faustin. Kijani tena, halali. Nikataka kulia. Lakini Madamu Asha akashusha ukurasa. Chini ya ile tiki kulikuwa na mstari mwembamba, hauna rangi: sahihi haikufunika hati yote.

Faustin aliwaonyesha watu tiki. Mstari hakuwaonyesha.

Nikamwuliza maana yake. Akaniuliza, "Ukishona gunia la mpunga mdomo, mtu akaja kufunga kifuko chake juu ya gunia, mshono wako umeharibika?" Nikasema hapana, mshono uko sawa, lakini kile kifuko si changu. Akasema umeelewa kuliko wanafunzi wangu.

Programu ya mwisho ilikuwa kwenye ordinatere yake mwenyewe. Hii ilisema wazi: hati imebadilishwa baada ya kutiwa sahihi. Na pembeni kuna fasi ya kubonyeza, uone hati ilivyokuwa saa ile ya sahihi.

Akabonyeza.

Karatasi ikafunguka upya. Mipaka ile ile, kijito kile kile. Mwenye shamba: Mwavita Kalonda, mjane.

Mie huyo.

Walikuwa wamebandika kipande cheupe juu ya jina langu na kuandika la Sumaili juu yake. Muda wote nilikuwa humo, chini ya weupe.

Likizo ya shule Madamu Asha akakubali kuja Wamaza. Kwenye baraza akasema, "Papa Sultani, sitaki tutumie ordinatere yangu, watasema nimekuja na ya kudanganya. Tutumie ya Faustin." Akaweka programu na flash. Faili akachukua kwa sekretere, ile ile aliyotoa Sumaili.

Akabonyeza. Jina la Sumaili likaondoka, la kwangu likatoka.

"Rudia," sultani akasema.

Akarudia mara tatu. Mzee aliyepiga makofi siku ile alikuwa anaangalia miguu yake.

Sumaili akasimama. "Papa Sultani, hii ni uchawi ya mashine!"

"Uchawi ya nani? Mashine ni ya Faustin. Faili ni ya kwako," sultani akamjibu.

Faustin akasema yeye ni mutu wa kazi, anaandika anachoambiwa. Kwa hiyo alikiri, bila kujua kama amekiri.

Shamba likarudi kwangu. Mihogo haikurudi, ilishaliwa. Faustin bado ana kiduka chake, watu bado wanapanga mstari. Sumaili tukikutana njiani ananiita bibi yangu, na mie napita kama sijasikia.

Nilichojifunza nakisema kifupi. Tiki ya kijani inajibu swali moja tu: mshono uko sawa? Haikuambii nani kafunga kifuko juu. Shusha ukurasa, soma mpaka chini, kagua na programu zaidi ya moja. Usifute faili ya asili. Na mama zangu wajane, hasa wa kwetu: toa namba ya kwako. Huna telefone, sema warudi kesho, wewe nenda ukatafute.

NB: Kuna mkuu kaniuliza pembeni kwa nini nataja watu wa ukoo hadharani, haya mambo yanamalizwa nyumbani. Mkuu, nyumbani njo yalikoanzia.

Sasa mnisaidie, wenye kujua. Faili ninayo kwenye telefone, kwenye flash ya Madamu Asha, na kwa sekretere. Nasikia sahihi ya namna hii ina cheti kinachoonyesha nani katia, nacho kina mwisho wake. Siku kikifika mwisho, programu zitasema nini juu ya shamba langu? Na wewe uliyewahi kuaminishwa na kijani, ilikuwaje? Andikeni, nitasoma yote, polepole.

Sumaili, najua mtu atakufikishia uzi huu. Usome, kama unajua kusoma.