Goti Lililofichwa Kalehe

Kaa hapa kwanza, mwanangu, mpira haukimbii. Nimekuona unafunga viatu huku unachechemea, ukidhani macho yangu yamezeeka. Nikakumbuka siku kaka yangu Murhula aliposhuka uwanja wa ndege wa Kavumu, akitoka kuichezea Zaïre kwenye mashindano ya nchi za nje. Alipofika mjini Bukavu walimbeba mabegani mpaka mtaani kwetu Cimpunda, wanawake wakitandika vikwembe chini apite. Alikuwa ameondoka kijana wa mtaa tu, mchezaji ambaye timu yake ilimpata kwa baiskeli na jozi ya viatu. Alirudi ana bei.

Timu kubwa za Kinshasa zikatuma watu. Siku zile mchezaji akitafutwa hivyo, timu yake ilimficha, wengine wasije wakamchukua kabla ya kukubaliana. Basi prezida wa timu, mfanyabiashara wa kahawa, akampeleka kwenye nyumba yake karibu na Kalehe, kando ya ziwa. Baba alikwenda naye, nami nikafuata kuwapikia, mwanangu wa kwanza akiwa bado mgongoni. Kila prezida alipokuja alikaa uani na baba wakinywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kila mara bei ilikuwa imepanda. Baba alikuwa ameshachagua mabati ya nyumba. Kwa mabati simlaumu, tulinyeshewa miaka mingi.

Lakini Murhula alirudi na goti bovu. Aligongwa katika mchezo wa mwisho, akanyamaza. Jioni moja nilimpelekea maji ya kuoga nikaliona: limevimba, linang'aa, la moto ukiligusa.

"Dada, usiambie mutu," akasema. "Bakijua niko mugonjwa, bei itashuka."

Nilimwambia baba papo hapo. Baba akamwambia prezida, na prezida akatikisa kichwa. "Papa, Bukavu yote inamujua. Akionekana hospitali kwa munganga leo, kesho Kinshasa iko na habari. Tungoje basaini kwanza."

Badala ya daktari wakaleta mzee wa kukanda mifupa, akalikanda goti lenye usaha ndani. Kilio kile, mwanangu, mpaka leo nakisikia nikikaa peke yangu. Nikamrudia baba.

"Nsimire, nyamaza," akaniambia. "Imebakia kidogo tu."

Na Murhula mwenyewe, anatetemeka kwa homa, akaitikia kwamba kweli imebakia kidogo. Niliwakasirikia wote wawili.

Alipoanza kusema ovyo, asijue tena sisi ni nani, sikuomba ruhusa. Nilisimamisha kamyo ya mihogo barabarani, dereva akanisaidia kumpakia, baba naye akapanda, tukaenda Bukavu. Daktari alimkata mguu juu ya goti. Alituuliza neno moja tu: "Mulikuwa munangoja nini?" Baba aliinamisha kichwa.

Prezida alikuja, akasimama mlangoni, akatazama blanketi pale lilipolala bapa. Akasema pole, akaondoka, na hatukumwona tena. Watu wa Kinshasa walikuwa wamepata mwingine. Murhula aliishi miaka mingi akikaa mbele ya nyumba yetu, paa lile lile linavuja, na vijana wakipita alikuwa anawatajia bei yake. Mabao yake hakuyataja hata siku moja, naye aliyafunga mazuri sana. Hilo liliniuma kuliko mguu.

Sasa nasikia wewe pia wanakutafuta, na kwamba tangu mlipotoka kwenye mashindano bei yako inatajwa mpaka mitaa ya Bagira. Sikukatazi kwenda. Waache wapandishe bei wanavyotaka, hiyo ni kazi yao. Yako ni kusema panapouma, siku ile ile, hata kama kesho yake unasaini. Anayekuambia ngoja kidogo, muulize goti hilo atalitembelea nani. Na wakikupeleka kukaa mahali ambapo mimi mama yako siruhusiwi kufika, toka, rudi nyumbani, hata usiku, hata bila viatu.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe wa kukupenda hata siku ambayo hakuna anayekununua, na akurudishe hapa kwa miguu yako yote miwili. Haya, vua hicho kiatu, pandisha suruali. Nionyeshe goti.